Kardoni katika Bustani za Lubumbashi: Dalili, Vyanzo na Tiba

Watu wengi hapa Lubumbashi wanaijua kardoni kutoka kwenye pakiti ya mbegu yenye maandishi ya Kifaransa, na wengi wanaoijaribu huiacha baada ya mwaka mmoja wakisema kwamba udongo wetu hauitaki. Hilo si kweli. Kardoni ni mboga, ndugu wa damu wa artichoki. Wataalamu wa mimea huzihesabu zote mbili kuwa spishi moja, Cynara cardunculus, ila artichoki hulimwa kwa ajili ya tumba la ua, na kardoni kwa ajili ya vikonyo vinene vya majani yake. Asili yake ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, ambako mvua hunyesha katika miezi ya baridi na kiangazi huja na joto. Kwetu mambo ni kinyume: mvua na joto huja pamoja, kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, na baridi ya Juni na Julai hutukuta katika ukame. Matatizo mengi niliyoyaona katika lupango wangu (kiwanja cha nyumba) na katika bustani za majirani yalitokana na kinyume hicho, wala hayakuletwa na wadudu. Kwa hiyo, kabla ya kununua dawa yoyote, jiulize mambo mawili: mbegu ilipandwa mwezi gani, na maji yanaingia na kutoka wapi.

Mmea umepandisha shina la ua kabla hujaula

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalovunja watu moyo kuliko yote. Majani yalikuwa mapana, yenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na fedha, na kila mpita njia aliuliza ni mmea gani. Kisha, mwezi wa Septemba, katikati ya majani likachomoza shina gumu lenye majani madogo, na baada ya majuma machache kichwa cha ua la zambarau kikawa juu kuliko mtu. Tangu siku shina hilo linapoanza kupanda, vikonyo hujaa nyuzi na uchungu wake huongezeka. Hata ukivifunika visipate mwanga, namna gani, havitalainika tena.

Chanzo chake ni baridi. Kardoni iliyokwisha kuwa na majani ya kutosha, ikipitia majuma kadhaa ya usiku wenye baridi kali, hulihesabu hilo kuwa ishara ya kwamba msimu umepita na kwamba siku zikirefuka na joto likirudi inapaswa kuzaa. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika Juni na Julai usiku wetu hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, hasa katika mabonde ya karibu na mito ambako hewa baridi hutulia. Kwa hiyo ishara hiyo tunayo, na mmea huipokea vizuri.

Mara ya kwanza nilifuata maelezo ya pakiti: panda Aprili au Mei. Maelezo hayo ni sahihi kwa Ufaransa, ambako mche wa Aprili unaingia katika miezi ya joto, hukua bila baridi yoyote, na kufunikwa kuanzia Oktoba. Kwetu mche wa Aprili huingia moja kwa moja katika kipupwe bila mvua, hudumaa hadi Agosti, na unapopata nguvu ya kukua unakuwa tayari umeipokea ile ishara. Mwaka ule karibu mimea yangu yote ilipandisha maua kabla sijala hata kikonyo kimoja.

Kalenda ninayoifuata sasa ni hii: mbegu huingia kitaluni kati ya nusu ya pili ya Desemba na katikati ya Januari, miche huhamishwa Februari, mvua za mwisho huikuza, na mwishoni mwa Mei naanza kuifunika, ili iliwe Juni na Julai. Baridi inapoukuta mmea ukiwa umefungwa na unasubiri kuvunwa, haidhuru tena. Mmea ambao tayari umepandisha shina hauna tiba ya mwaka huo. Likate mapema karibu na ardhi ili machipukizi mapya yaote ubavuni, au uliache kwa ajili ya nyuki na mbegu. Huko Ureno na Uhispania nyuzi za zambarau za ua hilo hukaushwa na kutumiwa kugandishia maziwa ya kondoo, na jibini ya Serra da Estrela hutengenezwa kwa njia hiyo hadi leo.

Mbegu hazioti, au miche inaanguka ikiwa midogo

Mbegu ya kardoni ni kubwa, na huota baada ya siku 10 hadi 20 udongo ukiwa na joto la wastani. Ikipita siku 25 bila dalili, fukua mbegu mbili au tatu kwa kidole. Ukizikuta ngumu na kavu, maji hayakuingia, nawe ziloweke usiku mmoja kabla ya kupanda tena kwa kina cha sentimita 2. Ukizikuta laini na zenye harufu, zimeoza kwa maji mengi. Usipozikuta kabisa, panya amepita, basi weka kitalu juu ya meza.

Mche uliokwisha kuota kisha ukalala chini, huku shingo yake ikiwa nyembamba na nyeusi kana kwamba imefungwa uzi, umepatwa na kinyausi. Ni kuvu wa udongo anayependa kitalu chenye maji mengi na hewa kidogo, na kwa kuwa tunapanda wakati wa mvua, hapa yuko nyumbani kwake. Mche ulioanguka hauamki. Ng'oa ulioathirika pamoja na udongo wake, punguza maji, sogeza iliyobaki mahali penye hewa chini ya paa lisilovuja, na safari nyingine changanya mchanga wa mtoni katika udongo wa kitalu.

Miche inayonyauka baada ya kuhamishwa ina chanzo kingine. Kardoni huteremsha mzizi mkuu mrefu mapema sana, na mzizi huo ukikatika, mmea hutumia mwezi mzima kujiponya. Usipande katika sahani fupi. Tumia mifuko mirefu, au chupa za plastiki zilizokatwa na kutobolewa chini, na uhamishe miche ikiwa na majani manne au matano, jioni, bila kuuvunja udongo ulioshikwa na mizizi. Acha mita 1 kati ya mmea na mmea. Nafasi hiyo inaonekana kubwa mno mwezi wa Februari, lakini Mei hutapata pa kupitisha mguu.

Majani yanakuwa manjano

Hapa ndipo panapohitaji macho, kwa sababu umanjano mmoja una vyanzo vingi, na dawa ya chanzo kimoja huweza kuwa sumu kwa kingine. Swali la kwanza ni majani yapi. Ukiona jani moja au mawili ya chini kabisa yamezeeka na kulala, yakate tu, maana mmea unajivua. Ukiona majani ya chini yote yamepauka sawasawa, na yale ya katikati ni madogo na mmea umesimama pale pale, basi naitrojeni imekwisha. Mvua za Januari na Februari huisukuma chini kuliko mizizi inavyofika. Samadi ya kuku iliyokwisha kuoza vizuri, ndoo ndogo moja kwa kila mimea miwili, ikichanganywa na udongo wa juu bila kugusa shingo ya mmea, huonyesha matokeo ndani ya majuma mawili au matatu.

Ukiona mmea mzima umefifia, nao unalegea mchana ilhali udongo una unyevu, usiumwagilie. Mizizi yake inazama. Chimba shimo la sentimita 30 kando ya mmea, lijaze maji jioni, urudi asubuhi. Maji yakiwa bado yamo, mahali hapo hapafai kardoni mpaka utengeneze tuta la kimo cha sentimita 30 au 40, au uchimbe mfereji. Wanaolima kando ya mto Kafubu wanafanya hivyo tayari kwa kabichi na vitunguu, na kardoni inahitaji hivyo zaidi kwa sababu mzizi wake huenda chini.

Dalili ya tatu ni ile ya majani machanga ya katikati kuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama ramani ya mito iliyochorwa juu ya karatasi. Hiyo ni dalili ya mmea kukosa chuma, nayo hutokea hata pale ambapo udongo wenyewe ni mwekundu kwa wingi wa chuma, kwa kuwa kuna kitu kinachoizuia mizizi kukipata. Katika mji wetu vizuizi ni viwili. Cha kwanza ni wema uliozidi. Udongo wetu una uchachu, kardoni hupenda udongo usio na uchachu mwingi, na kwa hiyo tunauponya kwa majivu, kwa chokaa, au kwa udongo wa kichuguu uliopondwapondwa, ambao una chokaa na mfinyanzi kuliko ardhi inayoizunguka. Ndoo moja ya udongo wa kichuguu katika shimo la upana na kina cha sentimita 50 ni msaada mkubwa. Lakini nimeona mtu akijaza shimo zima kwa udongo huo, na mimea yake ikawa manjano katikati kwa miezi miwili. Dawa yake ni mboji nyingi, na kuacha majivu kabisa mwaka huo.

Kizuizi cha pili ni shaba, na juu yake naomba msomaji asome polepole. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo unaotoka kusini-mashariki uliupeleka moshi wake upande wa kaskazini-magharibi. Shaba, kobalti, risasi na kadimiamu zilizoanguka huko hazikuoza, bado zimo katika udongo wa juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamezipima kwa miaka mingi, katika udongo na katika mboga. Shaba ikizidi, mizizi hubaki mifupi, minene na ya kahawia, na majani machanga hupata ule umanjano wenye mishipa ya kijani. Ikiwa lupango wako uko upande huo, au uko karibu na mahali panapooshwa madini, na mimea mingine kama lengalenga (mchicha) inadumaa vivyo hivyo, usilitibu tatizo kama ukosefu wa mbolea. Chokaa na mboji hupunguza kiasi cha shaba kinachoingia mmeani, lakini hazikiondoi. Kardoni yenyewe imechunguzwa na wanasayansi kama mmea unaoweza kufaa kusafishia ardhi yenye metali kwa sababu huzivuta, na hilo ndilo linaloifanya isifae kuliwa kutoka ardhi kama hiyo. Kuosha vikonyo huondoa vumbi la nje tu, si kilichoingia kwa njia ya mizizi. Jenga tuta la juu lenye udongo ulioletwa kutoka mahali safi, lenye kimo cha nusu mita au zaidi, au upande maua hapo na mboga uipande kwingine. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu watoto ndio wanaoathirika kwanza na risasi, na mboga ya kula na bukari (ugali) haistahili kuwa mlango wake.

Mmea ulionyauka kwa siku mbili na haukuamka jioni

Kardoni kulegea saa nane mchana mwezi wa Oktoba na kusimama tena jua likishuka ni jambo la kawaida. Isiposimama, chukua jembe. Ng'oa mmea mmoja uliokwisha kufa na uukate mzizi kwa urefu. Mwaka juzi niliukata mmoja, nikakuta nje uko mzima kama karoti ya rangi ya udongo, ila ndani ulikuwa umejazwa matope mekundu laini, na vichwa vyeupe vya mchwa vikirudi nyuma kutoka kwenye mwanga. Mchwa hushambulia zaidi katika ukame, wakati mmea una kiu na matandazo makavu yamefika hadi shingoni. Tangu hapo naacha duara tupu la upana wa kiganja kuzunguka shingo ya kila mmea, na kuanzia Mei namwagilia bidoni moja la lita 20 kwa mimea miwili, mara mbili kwa juma. Mmea wenye maji ya kutosha hawaugusi sana.

Ukikata mzizi na kuukuta mweusi, wenye utelezi na harufu mbaya, huko ni kuoza kwa maji mengi, rudi kwenye shimo la sentimita 30.

Wadudu na unga mweupe

Vidukari weusi au wa kijani hukaa chini ya majani machanga na katika makunjo ya vikonyo, na sisimizi huwalinda. Maji yenye sabuni kidogo, yakinyunyizwa chini ya jani asubuhi mapema na kurudiwa baada ya siku nne, yanatosha mara nyingi. Wamalize kabla ya kufunika mmea, kwa sababu ndani ya kifuniko watakuwa salama kuliko wewe. Konokono hutoboa majani usiku wa mvua, nao huokotwa kwa mkono na taa. Unga mweupe juu ya majani wakati wa kiangazi ni ubwiri unga: kata majani yaliyoathirika zaidi, mwagilia vizuri chini, na uache hewa ipite.

Vikonyo vimeoza ndani ya kifuniko

Kufunika ndiko kunakoifanya kardoni iwe mboga. Vikonyo vikikosa mwanga kwa majuma matatu au manne huwa vyeupe, laini, na uchungu wake hupungua. Lakini ni katika majuma hayo ambapo kazi ya miezi mitano hupotea. Utajua kwa harufu kabla ya kufungua. Unapofungua, vikonyo vya nje vinaonekana vizima, kisha unagusa vya katikati na vidole vinaingia kama katika ndizi iliyooza, na utando wa kijivu wenye vumbi unapanda hewani. Huo ni ukungu wa kijivu, na ulikaribishwa na maji.

Vyanzo nilivyovikuta ni vitatu. Cha kwanza ni kufunika mmea ukiwa na umande au siku iliyofuata mvua. Subiri saa tisa alasiri ya siku kavu. Cha pili ni kutumia plastiki isiyopitisha hewa. Gunia la makala (makaa) lililofumwa, likikung'utwa vizuri na kugeuzwa ndani nje, linafaa kuliko kitu chochote ninachokijua, kwa sababu linazuia mwanga na bado linapumua, na ukiongeza tabaka la boksi la karatasi ngumu, giza linakamilika. Cha tatu ni kumwagilia kutoka juu: baada ya kufunga, maji yaelekezwe ardhini tu, mbali kidogo na shingo.

Kufunga kwenyewe hufanywa na watu wawili. Mmoja hukusanya majani kwa mikono miwili kama anayekumbatia mganda, akiwa amevaa mikono mirefu kwa sababu ya miiba, na mwingine hufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, mahali pawili au patatu, bila kukaza hadi kuumiza. Kabla ya hapo ondoa majani yote ya chini yaliyozeeka au yenye jeraha, maana kuoza huanzia hapo. Zungusha gunia, acha ncha za majani zitoke juu kwa sentimita 30 hivi, na upandishe udongo mkavu chini kwa kimo cha kiganja. Usifunike mimea yote siku moja. Kardoni iliyokwisha kuwa nyeupe haikai sana bila kuharibika, kwa hiyo funika miwili au mitatu kila juma, kadiri nyumba yako inavyoweza kula.

Vikonyo ni vichungu, vina nyuzi, au ni vitupu ndani

Uchungu kidogo ni tabia yake, nao hutoka katika kiungo kiitwacho sinaropikrini kilichomo katika majani. Uchungu usiovumilika humaanisha kwamba mwanga uliingia, au kwamba ulifungua baada ya siku kumi tu, au kwamba ulipika vikonyo vya nje ambavyo vilipaswa kwenda kwenye mboji. Kikonyo kitupu ndani, kinachovunjika kwa sauti kavu na kuonyesha sifongo nyeupe, kinaeleza habari ya kiu: mmea ulikaa majuma mengi bila maji, au ulingojwa mno. Tatizo hilo haliponyeki jikoni.

Nyuzi, kwa upande mwingine, ni kazi ya kisu. Kata kikonyo vipande vya urefu wa kidole, shika ncha ya kila uzi kwa kisu na uivute hadi mwisho, futa utando wa ndani, na utumbukize kipande mara moja katika maji yenye limau, la sivyo kitakuwa cheusi mbele ya macho yako, kama vidole vyako vitakavyokuwa. Chemsha katika maji yenye chumvi kwa nusu saa au zaidi hadi uma uingie bila kusukuma. Ukiona bado ni kichungu, mwaga maji hayo na umalizie kwa maji mapya.

Miche ya mbegu zako ina miiba kuliko mama yake

Aina kama Plein Blanc Inerme ilichaguliwa isiwe na miiba, lakini nyuki hubeba chavua kutoka kwa kardoni ya jirani au kutoka kwa artichoki, na watoto huchanganyika. Ikiwa unataka mbegu za aina yako, acha mimea michache bora ichanue mahali ambapo hakuna ndugu zake karibu, na ng'oa kitaluni kila mche unaoonyesha miiba mapema. Vichwa vingine vyote vikate kabla havijakauka. Mbegu zake huruka kwa manyoya, na katika nyanda za Ajentina na huko Australia mmea huu ulitoroka bustanini ukawa gugu linalofunika malisho.

Mmea uliouvuna kwa kuukata juu ya shingo, bila kuung'oa, huchipua tena. Mwezi wa Septemba utaona machipukizi matano au sita. Acha mawili yenye nguvu, mengine yatenganishe kwa kisu pamoja na kipande cha mzizi na uyapande kwenye mifuko kivulini. Machipukizi hayo hufanana na mama kwa kila kitu, hata kwa kukosa miiba. Yape maji kila siku hadi yatoe jani jipya, na yaingize shambani mvua ya kwanza ya Novemba ikishalowesha udongo kwa kina cha jembe.